Kifundo kimeteguka, kibarua kinangoja: kijana abebe matenga?

"Assalaam alaykum mtaalamu. Mwanangu ana miaka 17, amemaliza kidato cha nne Novemba na sasa tuko naye hapa Makorora, Tanga, akisubiri matokeo. Anacheza winga ya kulia. Wiki tatu zilizopita kwenye ndondo aliruka kupiga kichwa, akatua juu ya mguu wa mwenzake, kifundo cha kulia kikajikunja kwa ndani. Kilivimba kama yai, ila alichechemea mwenyewe mpaka nje ya uwanja. Usiku ule tukamkanda maji ya moto, kesho yake mzee mmoja jirani akamchua kwa mafuta ili 'kurudisha mfupa', kijana akalia sana. Sasa anatembea, lakini kila jioni kinavimba, na akishuka ngazi anasikia kuvutwa kwa mbele. Mjomba wake amempatia kibarua cha kushusha matenga ya samaki pale Deep Sea, kuanzia saa kumi alfajiri. Pia kuna duka la vipuri vya baiskeli Ngamiani wanamtaka, ila hela ni ndogo. Na mwishoni mwa Februari kuna majaribio ya timu ya vijana. Yeye anasema akifunga bandeji anaweza yote. Baba yake anasema asikanyage kabisa mpaka apone. Nimsikilize nani? Na tumpeleke eksirei?"

Wa alaykum salaam, mama. Umeuliza mambo matatu, lakini yote yanarudi kwenye jambo moja: kifundo hiki leo kinaweza kubeba mzigo kiasi gani, na wiki ijayo kiongezewe kiasi gani. Baba anaogopa mzigo wowote, kijana haogopi hata mmoja. Baba amekosea kidogo, kijana amekosea zaidi. Kifundo kilichoteguka kinahitaji mzigo ili kipone, ila mzigo wenye kipimo, na mguu hauna namna ya kutenganisha hatua ya mazoezi na hatua ya kazini. Zote zinaingia kwenye hesabu moja. Kwa hiyo kibarua atakachokichagua ni sehemu ya matibabu yenyewe, na ndivyo nitakavyokijibu.

Tuanze na mfupa, kwa sababu mengine yote yanasubiri hapo. Kuchechemea mwenyewe mpaka nje ya uwanja ni dalili njema. Madaktari wa dharura hutumia vipimo vilivyotungwa Ottawa, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ili kujua nani anahitaji picha na nani hahitaji, na sehemu yake kubwa unaweza kuifanya hapo nyumbani kwa kidole gumba. Mlaze kitandani. Bonyeza ukingo wa nyuma wa jicho la mguu la nje, uanzie ncha ya chini kabisa, upande juu sentimita 6, takribani urefu wa kidole gumba chako. Fanya hivyo hivyo kwenye jicho la ndani. Kisha shika ukingo wa nje wa unyayo, upande wa kidole kidogo: katikati pana kinundu cha mfupa, kibonyeze. Mwisho, bonyeza mfupa unaojitokeza juu ya upinde wa ndani wa unyayo, mbele kidogo ya jicho la ndani. Maumivu ya mfupa ni makali na yako palepale pa kidole. Maumivu ya kuteguka kwa kawaida yako kwenye nyama laini, mbele na chini ya jicho la nje.

Vipimo hivyo vilikusudiwa siku za mwanzo za kuumia. Wiki tatu zikishapita, ushauri wangu ni mkali zaidi: mfupa ukiuma wazi unapobonyezwa hata sehemu moja kati ya hizo nne, au kama bado hawezi kupiga hatua nne bila kuchechemea, mpeleke akapigwe eksirei wiki hii hii. Kuna sababu ya umri pia. Kwa baadhi ya vijana wa miaka 17, karibu na ncha ya chini ya mfupa wa nje bado lipo tabaka la gegedu ambalo mfupa hukulia. Tabaka hilo huweza kuumia kwa mkunjo uleule ambao kwa mtu mzima ungetegua tu, na wakati mwingine picha hutoka safi. Daktari mzoefu hapo huamini kidole kuliko picha.

Kipimo kingine kimoja. Shika katikati ya shavu la mguu kwa viganja viwili, uminye muundi na mfupa mwembamba wa nje kama unayetaka kuvikutanisha. Maumivu yakiruka mpaka kwenye kifundo, huenda kilichoumia ni ile tishu inayoifunga mifupa miwili juu ya kiungo. Hilo ni jeraha la aina nyingine, linachukua muda mrefu zaidi, na ratiba nitakayoitoa hapa chini haimhusu. Huyo aonwe na daktari.

Kama vyote hivyo viko salama, kilichoumia ni ligamenti. Hizi ni mikanda migumu inayofunga mfupa kwa mfupa. Upande wa nje wa kifundo ipo mitatu, na ule wa mbele, unaotoka jicho la nje kwenda mbele kwenye mfupa wa chini yake, ndio dhaifu kuliko wenzake. Mtu akiwa hewani vidole vyake vinaelekea chini. Katika mkao huo mkanda wa mbele umeshavutika wote. Akitua juu ya mguu wa mwenzake, unyayo unapinduka kwa ndani, uzito wote wa mwili unaangukia mkanda uliokwisha kukazwa, na nyuzi zake zinakatika, chache au nyingi. Mishipa midogo ya damu inapasuka pamoja nazo, ndiyo lile yai uliloliona.

Utaona basi kwamba hakuna mfupa uliotoka mahali pake, kwa hiyo hapakuwa na wa kurudishwa. Kifundo kikichomoka kweli, umbo la mguu hupotoka kwa macho na mtu hawezi kukanyaga hata hatua moja. Mzee jirani alikusudia mema, wala usigombane naye. Lakini kuminya kwa nguvu nyuzi zilizokatika jana yake ni kuzivuta upya, na maji ya moto usiku wa kwanza huitanua mishipa inayovuja na kuongeza uvimbe. Siku mbili tatu za mwanzo kinachotakiwa ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 kwa mara moja, bandeji ya kuvutika na mguu kuinuliwa juu ya mto. Hayo yameshapita. Leo, wiki ya tatu, maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 kabla ya mazoezi hayana ubaya, na mafuta yakipakwa kwa kiganja laini kutoka vidoleni kupanda gotini husaidia uvimbe kushuka. Sehemu ya mbele ya jicho la nje isiminywe na kidole cha mtu yeyote.

Sasa hoja ya baba. Kati ya siku za mwanzo na takriban wiki ya sita, mwili unajaza nyuzi mpya pale zilipokatika. Zinatokea ovyo ovyo, kama miyaa iliyorundikwa kabla haijasukwa ukili. Kinachozipanga mstari mmoja ni kuvutwa kidogo kidogo kuelekea upande zinaopaswa kufanyia kazi. Mguu usiokanyaga kabisa hupata kovu fupi na dhaifu, kiungo kinakakamaa, na shavu la mguu linasinyaa. Linganisha mashavu yake mawili leo, huenda la kulia limeshakuwa jembamba. Baada ya hapo nyuzi huendelea kukomaa kwa miezi mingi, hata kufikia mwaka. Kwa hiyo kupumzika kabisa kungekuwa na maana siku mbili tatu za mwanzo. Wiki ya tatu kunachelewesha.

Hoja ya kijana, kwamba haumwi hivyo amepona, ndiyo inayowarudisha wachezaji wengi kwenye benchi, na naomba umsomee sehemu hii mwenyewe. Ndani ya ligamenti mna vipokezi vya neva vinavyoiambia misuli kifundo kimelala upande gani. Unyayo ukianza kupinduka, misuli ya upande wa nje wa muundi hukaza kuurudisha kabla mwenyewe hajatambua. Ligamenti ikichanika, taarifa hizo hupungua na misuli huchelewa. Maumivu huisha baada ya wiki chache, lakini uchelewaji huo hauishi wenyewe. Ndiyo maana mtu aliyeteguka mara moja huteguka tena kwa jambo dogo, kokoto tu au ukingo wa barabara, na akirudia mara tatu nne kifundo kinakuwa legelege.

Mpime jioni hii. Avue viatu, asimame kwenye sakafu tupu karibu na ukuta, mikono kifuani, ainue mguu wa kulia asimame kwa wa kushoto, ambao ni mzima. Akishatulia afumbe macho, nawe uhesabu sekunde. Kisha abadilishe, asimamie wa kulia. Tazama unyayo, usimtazame usoni. Kwenye mguu mzima utaona kano za juu ya unyayo zinacheza taratibu, kidole gumba kinakandamiza sakafu kisha kinalegea. Kwenye ulioumia unyayo utayumba kama ngalawa isiyo na matengo, vidole vitakamata sakafu kwa nguvu, na pengine kabla ya sekunde ya tano au ya sita mguu wa pili utashuka. Akiuona mwenyewe tofauti hiyo ataelewa kwa nini bandeji haitoshi.

Bandeji yenyewe ile ya kuvutika inabana uvimbe na kumkumbusha mtu kwamba ana jeraha, basi. Unyayo ukiamua kupinduka, bandeji inavutika nao. Kinachozuia kwa kiasi fulani ni kishikizo cha kifundo chenye kamba za kufunga kama kiatu, au plasta ngumu isiyovutika iliyofungwa na mtu anayejua. Plasta hulegea mchezo ukikolea na jasho likitoka, hivyo isitegemewe dakika 90. Atakaporudi uwanjani avae kishikizo mazoezini na kwenye mechi kwa angalau miezi 6. Vidole vikiwa baridi, vikipauka au kufa ganzi, kimebana mno.

Nije kwenye kibarua. Tenga la samaki likiwa begani au kichwani, uzito wa mwili unahamia juu na kijana haoni anapokanyaga. Anatembea kwenye mchanga uliolowa, kwenye maji yanayoficha mawe na kamba za nanga, kukiwa bado na giza, akifukuzana na wanunuzi wanaotaka kuwahi. Kila kimoja katika hivyo ni mtihani kwa misuli ile ile inayochelewa. Mwanzo wa kazi ataweza. Baada ya saa mbili misuli imechoka, na mguu uliochoka unachelewa zaidi. Akiteguka akiwa na mzigo, jeraha la pili huwa kubwa kuliko la kwanza kwa sababu uzito unaopinda kifundo si wake peke yake.

Hata kama kifundo kingekuwa kizima bado ningekataa, na hapa sheria iko upande wako ukizungumza na mjomba. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na inakataza kazi ya usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kubeba mizigo mizito imetajwa waziwazi miongoni mwa kazi za hatari. Kuanza saa kumi alfajiri na kubeba matenga ni makosa mawili kwa pamoja. Mwili wa miaka 17 bado unajengeka, mgongo na magoti vilevile.

Najua hela ya mwaloni haifanani na ya dukani, na wewe ndiye unayejua nyumbani kunahitajika nini. Kabla ya kuikataa yote muulize mjomba kama anaweza kumpa daftari badala ya tenga: kuhesabu matenga, kusoma mizani na kuandika nani amechukua kiasi gani, jua likishatoka, kwa saa tatu au nne, akiwa na kiti cha kukalia na viatu vilivyofunika kisigino. Kijana aliyetoka kidato cha nne hesabu hiyo anaiweza, na mwenye mali anahitaji mtu wa kumwamini. Kazi hiyo naikubali leo.

Duka la vipuri pia ni kazi nzuri kwa kifundo hiki, kwa masharti ambayo ni heri yasemwe siku ya kwanza. Asipande ngazi kushusha matairi. Asibebe katoni za minyororo na mipira ya breki, ambazo ni nzito kuliko zinavyoonekana. Asisimame mfululizo: kila baada ya dakika 40 akae dakika 5, mguu juu ya kreti, na kabla ya kukaa anyanyue visigino mara 20. Uvimbe wa jioni unatokana na maji yanayokusanyika chini kwa sababu shavu la mguu, ambalo ndiyo pampu yake, halifanyi kazi mtu akisimama wima bila kusogea. Joto la kaskazi la miezi hii linaongeza. Kunyanyua visigino kunaiwasha pampu. Isitoshe, dukani humo atapata kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, nacho ndicho kifaa chake kikuu cha mazoezi.

Kwenda na kurudi kwa baiskeli ni ruhusa, tena ni zoezi zuri, na Tanga ni mji wa baiskeli, hataonekana kituko. Kiti kiwe juu kiasi kwamba pedali ikiwa chini kabisa goti limekunjika kidogo tu, akanyage kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo, na akisimama ashushe mguu wa kushoto. Bodaboda asiiguse, hata ya kushika deiwaka ya saa moja: breki ya nyuma inakanyagwa kwa mguu wa kulia, na pikipiki ikielemea upande huo, mguu huo ndio utakaoidaka.

Sasa mazoezi. Kanuni ya maumivu ni hii: kati ya 0 na 10, mpaka 3 anaruhusiwa wakati wa zoezi, ila yawe yamekwisha kesho yake asubuhi. Pamoja na hiyo tumia futi ya fundi cherehani. Kila asubuhi, kabla hajashuka kitandani, ianzie mbele ya kifundo, katikati, ipite juu ya unyayo kwa ndani, ichungulie chini ya upinde, itokee upande wa kidole kidogo, irudi juu kuzunguka chini ya jicho la ndani, nyuma ya kisigino, chini ya jicho la nje, iishie ilipoanzia. Ni nane moja. Andika namba. Uvimbe wa jioni peke yake usikutishe. Namba ya asubuhi ikizidi ya jana kwa karibu sentimita nzima, jana alizidisha, iwe ni mazoezini au kazini. Siku hiyo apunguze nusu.

Wiki hii na ijayo afanye mambo manne, kila siku, jumla kama dakika 25. La kwanza ni la ule mvuto wa ngazini. Kushuka ngazi kunataka goti litangulie mbele ya vidole huku kisigino kikiwa chini, na kiungo chake kimekakamaa kwa mbele. Aukabili ukuta, unyayo umenyooka, asukume goti ligusane na ukuta bila kisigino kunyanyuka, mara 10, seti 3. Apime umbali wa mbali kabisa kutoka kidole gumba hadi ukutani ambapo goti bado linagusa. Mguu mzima wa wengi hufika kama sentimita 10, lakini kipimo chake yeye ni mguu wake wa kushoto: lengo ni tofauti isiyozidi sentimita 2. La pili, tyubu. Afunge ncha moja kwenye mguu wa meza, nyingine kwenye unyayo, auvute unyayo kwenda nje mara 15, akiurudisha polepole kwa kuhesabu tatu, seti 3. Kosa la kawaida hapa ni kuzungusha goti na paja badala ya kifundo, basi ashike goti kwa mkono litulie. La tatu, kunyanyua visigino, miguu yote miwili, mara 15, seti 3. Ikiwa rahisi, apande kwa miwili ashuke kwa mmoja. La nne ndilo lisiloachwa hata akichoka: kusimama kwa mguu mmoja sekunde 30, mara 4, macho wazi kwanza. Akiweza bila kugusa ukuta, afumbe macho. Akiweza hilo, asimame juu ya mto uliokunjwa huku akidaka mpira unaomrushia mdogo wake.

Mazoezi ayafanye kabla ya kazi au saa mbili baada ya kurudi na kuinua mguu, asiyafanye kwenye mguu uliotoka kuvimba.

Kukimbia kunaanza atakapoweza kunyanyua kisigino cha mguu wa kulia peke yake mara 20 hivi, idadi ikikaribiana na ya kushoto, na kurukaruka kwa mguu huo mara 10 palepale bila woga. Kwa wengi wa kiwango chake inakuwa wiki ya tano au ya sita tangu kuumia. Aanze na dakika 10, mstari ulionyooka, uwanja tambarare, siku moja akimbie, siku moja apumzike. Asikimbilie ufukweni kwa kudhani mchanga ni laini kwa mguu: ufuko umeinama kuelekea baharini, mguu mmoja unapinda kwa kila hatua, na mchanga mkavu unazama bila taarifa. Wiki ya saba na ya nane aongeze kukimbia kwa umbo la nane, kuanzia duara kubwa kwenda dogo, kisha kukata kona kwa kasi ndogo, kisha kuruka na kutua kwa miguu miwili, baadaye kwa mmoja. Winga anaishi kwa kukata kona, kwa hiyo sehemu hii isifupishwe ili kuwahi tarehe. Kugombea mpira na watu ni mwisho kabisa.

Na majaribio? Kwa hesabu yako, mwishoni mwa Februari itakuwa kama wiki ya kumi au ya kumi na moja. Inawezekana, ila haina nafasi ya kuteguka tena katikati. Sharti langu: aruke mfululizo mara tatu kwa mguu wa kulia, umbali ufike angalau asilimia 90 ya wa kushoto, na awe amefanya mazoezi kamili na timu yake kwa wiki mbili bila namba ya asubuhi kupanda. Asipofikia, asiende. Kocha akimwona anakimbia kwa kuulinda mguu, hatamwona mchezaji ambaye wewe unamjua. Akirudi uwanjani zoezi la kusimama kwa mguu mmoja liendelee dakika 10, mara tatu kwa wiki, msimu mzima. Wengi huliacha siku maumivu yanapoisha, na huko ndiko majeraha ya pili yanakotokea. Daluga ziwe zenye meno mafupi na mengi: uwanja ukikauka meno marefu hayazami, yanamnyanyua mchezaji na kurahisisha unyayo kupinduka.

Kuhusu dawa, paracetamol inatosha akihitaji. Diklofenaki asimeze ili aweze kwenda kazini au uwanjani, kwa sababu inamnyamazishia ile kanuni ya 3 kati ya 10, na kwa mwenye vidonda vya tumbo au pumu ina hatari zake. Atakayependekeza sindano ya kifundoni ili kuwahi majaribio, mkatae.

Mpeleke akaonwe bila kusubiri ikiwa mfupa unauma ukibonyezwa, kipimo cha kuminya muundi kimeuma, kifundo kinamwachia ghafla akitembea, kinakwama au kinagonga kwa ndani, ganzi haiishi, maumivu yanamwamsha usiku, au kuna homa na wekundu. Shavu la mguu likivimba upande mmoja, likawa na joto na kuuma, aende siku hiyo hiyo. Na hata bila lolote kati ya hayo, ikifika wiki ya sita namba za futi na za ukutani hazijasogea, aonwe, maana pengine gegedu ndani ya kiungo nayo iliumia, na hilo halitibiki kwa maelezo ya maandishi.

Anza kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, na useme waziwazi kwamba baada ya picha unataka kijana aonwe na mtu wa fiziotherapia, vinginevyo anaweza kurudishwa nyumbani na vidonge tu. Siku hiyo avae kaptula, achukue daluga zake na viatu vya kazini ili zitazamwe soli, na abebe lile karatasi lenye namba za kila asubuhi.